Wanafunzi wanacheka nikitaja pensheni: niwafundisheje akiba ya uzeeni?

Kwenu washauri, salaam.

Nafundisha hisabati na elimu ya biashara shule ya sekondari, wanafunzi wa miaka 16 hadi 18. Darasa lina watu 48. Muhula ujao nina vipindi sita vya dakika 40 kuwafundisha kuweka akiba na kujiandaa kwa kustaafu. Mada hii niliwahi kuifundisha kwa njia ya kanuni ya riba. Walifaulu jaribio, lakini baada ya likizo hakuna aliyekumbuka chochote.

Nina mambo matano yananisumbua. Nikitaja kustaafu wanacheka, maana kwao ni jambo la babu zao. Wengi wao hawatapata ajira ya mshahara, kwa hiyo wanaona pensheni ni ya watumishi tu. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Kwa nini niweke hela ambayo bei zikipanda zinaimaliza?" na jibu nililompa halikumtosheleza. Uongozi wa shule nao unapendekeza kila mwanafunzi alete fedha kidogo kila wiki, mimi nizitunze, ili wajifunze kwa vitendo. Na wakala mmoja wa bima ameomba apewe kipindi kimoja aje kuzungumza nao.

Nianzie wapi, na nini niache?

Mwalimu wa hisabati

JIBU

Mwalimu, asante kwa barua. Swali la huyo mwanafunzi ndilo linalopaswa kufungua somo lako, na ana haki kabisa ya kuliuliza. Bei zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, fedha isiyozaa chochote inapoteza nusu ya uwezo wake wa kununua ndani ya miaka 12 hivi. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, ila kibaba chenyewe kinapanuka kila mwaka. Mwalimu akilikwepa hilo na kukimbilia jedwali la riba lenye mamilioni mwishoni, wanafunzi wanaacha kumwamini, na wana sababu. Ushauri wetu mkubwa basi ni huu: kila hesabu ya uzeeni ifanyike kwa fedha ya leo, yaani baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Mengine yote yatafuata hapo.

Usianze na riba. Kipindi cha kwanza andika ubaoni swali hili: mtu anafanya kazi miaka 40, kisha anaishi miaka 20 bila kufanya kazi. Katika miaka hiyo 20 anataka kutumia nusu ya kipato alichokizoea. Akiba yake inakwenda sambamba na bei tu, haizidi wala haipungui. Kila mwaka aweke sehemu gani ya kipato chake?

Wape dakika tano bila kikokotoo. Miaka 20 kwa nusu ya kipato ni sawa na kipato cha miaka 10. Gawa kwa miaka 40 ya kazi, unapata robo. Asilimia 25 ya kila kinachoingia, tangu siku ya kwanza ya kazi hadi ya mwisho. Darasa litaguna. Uache mguno huo utulie kabla hujasema neno, kwa sababu hapo ndipo kustaafu kunapoacha kuwa habari za babu na kuwa hesabu ambayo wameifanya wenyewe na jibu lake hawalipendi.

Sasa ndipo riba inaingia, na inaingia kama msaada. Akiba ikikua asilimia 2 kwa mwaka juu ya mfumuko wa bei, ile robo inashuka hadi asilimia 13.5. Ikikua asilimia 3, inatosha kuweka chini kidogo ya asilimia 10. Kisha geuza swali: kwa ukuaji uleule wa asilimia 2, akichelewa kuanza kwa miaka 10 itabidi aweke asilimia 20, na akichelewa miaka 20 ni karibu asilimia 34, zaidi ya theluthi ya kipato. Waeleze wazi kwamba asilimia hizi zinajumlisha kila kinachoingia kwa ajili ya uzee: makato ya mfanyakazi, mchango wa mwajiri kama yupo, na akiba ya hiari. Mwanafunzi asiondoke akidhani ni lazima atoe yote mfukoni mwake juu ya makato.

Hesabu yenyewe ina hatua mbili, na wanafunzi wa umri huo wanaiweza. Kwanza tafuta kiasi kinachohitajika siku ya kustaafu: kwa ukuaji wa asilimia 2, mtu anayetaka kutumia 1 kila mwaka kwa miaka 20 anahitaji kuwa na 16.35 mwanzoni, kwa hiyo kwa nusu ya kipato ni 8.18. Pili tafuta kinachokusanyika: kuweka 1 kila mwaka kwa miaka 40 kwa asilimia 2 kunafikia 60.40. Gawa 8.18 kwa 60.40, unapata 0.135. Wenye shauku waachie wathibitishe hizo 16.35 na 60.40 kwa kanuni za mfululizo wa jiometri. Wengine wape jedwali, wasizame kwenye aljebra wakapoteza maana.

Kuondoa mfumuko wa bei nako kufundishwe sawasawa. Benki ikitoa asilimia 9 na bei zikapanda asilimia 6, wengi watatoa tu na kusema 3. Jibu kamili ni 1.09 gawanya kwa 1.06, yaani 1.0283, asilimia 2.83. Kwa namba ndogo tofauti haiumi. Kwa namba kubwa inaumiza: riba ya asilimia 20 kwenye mfumuko wa asilimia 15 si faida ya 5, ni 4.35. Na riba ikiwa chini ya mfumuko, mwenye akiba anapata hasara huku salio lake linaongezeka. Mfano huo mmoja unajibu swali la mwanafunzi wako vizuri kuliko maelezo ya nusu saa: fedha ya matumizi ya karibu inaweza kukaa mahali salama hata ikizidiwa kidogo na bei, lakini fedha ya miaka 40 ijayo lazima iwe mahali panapoweza kukua zaidi ya bei, na hapo ndipo hisa, hatifungani (yaani kuikopesha serikali au kampuni kwa riba) na mifuko ya uwekezaji wa pamoja inapopata nafasi kwenye somo, pamoja na hatari zake.

Kuna mfano mmoja maarufu ambao tunakuomba uutumie kwa uangalifu. Mtu wa kwanza anaweka 1,000 kila mwaka kwa miaka 10 ya mwanzo, anaacha, na kuiachia fedha ikue miaka 30. Wa pili anaanza pale wa kwanza alipoacha, anaweka 1,000 kila mwaka kwa miaka 30. Kwa asilimia 8, wa kwanza anamaliza na 145,773 na wa pili 113,283, ingawa wa kwanza ameweka 10,000 tu na mwenzake 30,000. Darasa linashangaa, mwalimu anafurahi. Lakini rudia hesabu kwa asilimia 6: wa kwanza 75,704, wa pili 79,058. Kwa asilimia 2, ambayo ni makisio ya busara zaidi baada ya kuondoa mfumuko, wa kwanza ana 19,834 na wa pili 40,568, mara mbili na zaidi. Kuanza mapema kunasaidia kila mara, ila pale ambapo ukuaji halisi ni mdogo, kuendelea kuweka kunashinda kuanza mapema kisha kuacha. Makundi matatu yafanye asilimia tatu tofauti, kisha walinganishe ubaoni. Watajifunza kuuliza "kwa asilimia ngapi, na bei je?" kila wanapoonyeshwa jedwali, na swali hilo litawafaa maisha yote.

Hapo kwenye vikokotoo ndipo wanapoharibikiwa. Makosa yanayojirudia ni matatu. Wanaandika 1.6 badala ya 1.06. Wanachanganya mchango wa mwezi na riba ya mwaka. La tatu ndilo baya zaidi kwa kuwa halionekani: wanakadiria mapema. Asilimia 6 kwa mwaka ikigawanywa kwa miezi 12 ni 0.005 kwa mwezi, hivyo kizidisho cha kila mwezi ni 1.005. Mwanafunzi aliyezoea nafasi mbili za desimali anaandika 1.01. Kwa miezi 480, 1.005 inafika 10.96, na 1.01 inafika 118.6. Kosa la nusu asilimia limekuza jibu karibu mara kumi na moja. Waonyeshe namba hizo mbili bega kwa bega. Pia wape kanuni ya 72 ya kukagulia: gawa 72 kwa asilimia, unapata miaka ya fedha kuongezeka maradufu. Kwa asilimia 6 ni miaka 12, kwa hiyo miaka 40 ni maradufu mara tatu na kidogo, yaani kati ya mara 8 na 16. Jibu la 118 linajikataa lenyewe. (Kanuni hii imo kwenye kitabu cha hisabati cha Luca Pacioli kilichochapwa Venice mwaka 1494. Wanafunzi wengine wanapenda kujua kwamba hesabu hizi hazikuanza na benki za leo.)

Kipindi cha pili kiwe mchezo, na tunausisitiza kuliko kitu kingine chochote kwenye mpango wako. Gawa darasa makundi 12 ya watu wanne. Kata vipande vya karatasi, 50 kwa kila kundi, na vingine 100 vya ziada vikae mezani kwako. Kila raundi ni miaka mitano ya maisha. Raundi 8 ni za kazi, raundi 4 ni za uzee. Katika kila raundi ya kazi kundi linapokea vipande 10: 6 ni vya lazima, yaani chakula, makazi na matibabu, na 4 vilivyobaki kundi linaamua ni vingapi vya starehe na vingapi vya akiba. Akiba ikishawekwa, kila vipande 6 vilivyo kwenye akiba vinaongezewa 1. Visivyotimia sita havizai kitu. Katika uzee hakuna kipato: kila raundi toa 6 kwenye akiba, kisha ongeza 1 kwa kila 6 vilivyobaki.

Shika mpangilio huo, weka kwanza kisha ongeza, toa kwanza kisha ongeza, kwa sababu makundi yatauvuruga na matokeo yatatofautiana bila sababu. Raundi ya 4 inapoisha, tangaza tukio moja tu: umebadilisha kazi, unaruhusiwa kutoa akiba yako yote leo ukanunue unachotaka. Nani anatoa?

Wewe uwe na majibu haya kabla. Kundi linaloweka 2 kila raundi tangu mwanzo linafika uzeeni na vipande 29 na linamaliza maisha likiwa na 15. Kundi linaloweka 1 tu linafika na 11, linaishi raundi moja ya uzee na ya pili linapungukiwa kipande kimoja. Kundi lililokula vyote vinne hadi raundi ya 4, kisha likaanza kuweka 2, linafika na 10 na kukwama raundi ya pili. Kundi lililochelewa vivyo hivyo lakini likaweka 4 kila raundi linafika na 22, linavuka uzee wote na kubaki na 3. Linganisha hili la mwisho na la kwanza: yote mawili yameweka vipande 16, na tofauti ya 15 na 3 ni muda peke yake. Na kundi lililoweka 2 tangu mwanzo kisha likatoa yote raundi ya 4? Linafika na 10, sawasawa kabisa na lile ambalo halikuwahi kuweka kitu kwa miaka 20 ya kwanza. Simama hapo kwa muda. Kutoa mafao kila unapobadilisha kazi ni moja ya njia za kawaida kabisa ambazo watu huzeeka bila kitu ingawa wamekatwa michango miaka mingi.

Raundi 12 kwa dakika mbili mbili ni dakika 24, maelezo ya mwanzo matano, na zinabaki kama 10 za mjadala. Usimtangaze mshindi kuwa mwenye vipande vingi. Litakuwapo kundi lililoweka vyote vinne tangu mwanzo na kufika na 63. Waulize maisha yao ya raundi nane bila starehe yalikuwaje. Mwisho wa mchezo ndipo ueleze kwamba 1 kwa kila 6 katika miaka mitano ni kama asilimia 3 kwa mwaka juu ya mfumuko, ndiyo maana vya lazima vilibaki 6 hadi mwisho.

Kuhusu wale watakaojiajiri: usiwafundishe akiba ya kiasi maalumu kwa mwezi, maana kipato chao hakitakuwa cha mwezi. Wafundishe asilimia ya kila pokezi. Fedha inapoingia, iwe ndogo au kubwa, sehemu inahamishwa siku hiyohiyo kabla matumizi hayajaanza. Hata kwa mwenye mshahara asilimia ni bora kuliko kiasi, kwa sababu aliyejiwekea 1,000 kwa mwezi na hakuwahi kuibadilisha anaweka nusu tu ya thamani yake baada ya miaka 12 ya mfumuko wa asilimia 6. Halafu kuna utaratibu wa nani atangulie. Deni lenye riba kubwa linalipwa kwanza: hakuna maana ya kuweka akiba kwa asilimia 8 huku unadaiwa kwa 24. Baada ya hapo akiba ya dharura ya matumizi ya miezi mitatu, mahali inapotoka haraka. Ndipo fungu la uzee, mahali isipotoka kirahisi. Mafungu haya mawili yasikae pamoja kamwe. Asiye na fungu la dharura ataumwa siku moja na kulivunja la uzee, na si kwa uzembe. Mwisho wape kazi ya nyumbani: watafute kama mfuko wa hifadhi ya jamii wa nchi yao unapokea wanachama wa hiari, kima cha chini cha mchango ni kipi, na mchango unaporuka miezi mitatu kinatokea nini. Mifuko mingi inapokea waliojiajiri, ila wengi hawaambiwi.

Ada na utapeli vinaweza kugawana kipindi kimoja. Kwa ada, hesabu moja inatosha: 1,000 kila mwaka kwa miaka 40 kwa asilimia 6 inafika 154,762. Mfuko ukitoza ada ya asilimia 1 kwa mwaka, ukuaji unakuwa 5, na mwisho ni 120,800. Zaidi ya sehemu moja ya tano imeondoka, na tangazo liliandika "asilimia 1 tu". Kwa utapeli, tumia kisa cha Charles Ponzi, tapeli wa Boston, Marekani, mwaka 1920, aliyeahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Mwaka una vipindi nane kamili vya siku 45. Waache wakokotoe 1.5 kwa kipeo cha 8: fedha 100 inakuwa 2,563 kwa mwaka, na mwaka wa pili zaidi ya 65,000. Kisha waulize ni biashara gani inayoweza kulipa hivyo, na kama hakuna, fedha ya aliyelipwa jana imetoka kwa nani.

Nyaraka zinapuuzwa sana kwenye masomo haya, na tunaona ni kosa, kwa sababu mafao mengi hucheleweshwa na karatasi. Tengeneza hati ya mshahara ya kubuni, ijaze jina, mshahara ghafi, kodi, makato ya pensheni, mchango wa mwajiri na kinachobaki mkononi. Ambatanisha taarifa ya michango ya mwaka. Ndani yake ficha kasoro tatu: jina lililoandikwa tofauti na la kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa iliyokosewa mwaka mmoja, na miezi miwili ambayo makato yapo kwenye hati ya mshahara lakini mchango haupo kwenye taarifa. Wanafunzi wazitafute. Kasoro ya tatu ina maana mwajiri amekata fedha na hajaiwasilisha, na anayegundua baada ya miezi miwili ana nafuu kubwa kuliko anayegundua baada ya miaka 20, wakati kampuni imeshafungwa. Hapohapo waonyeshe aina mbili za mifuko: ule unaolipa kwa kanuni ya mshahara na miaka ya kazi (kama kanuni ni sehemu 1 ya 60 kwa kila mwaka, miaka 30 inatoa nusu ya mshahara), na ule unaolipa kilichokusanywa pamoja na faida yake. Kwenye wa kwanza hatari ya uwekezaji inabebwa zaidi na mfuko au mwajiri. Kwenye wa pili inabebwa na mwanachama, kwa hiyo ada na uwekezaji vinamhusu moja kwa moja.

Akiuliza mwanafunzi nani aliamua umri wa kustaafu, mjibu kwamba ni sheria, na sheria hubadilika. Ujerumani ilianzisha bima ya uzee mwaka 1889 kwa umri wa miaka 70, na mwaka 1916 umri ukashushwa hadi 65. Wajipange wakijua kwamba umri wa leo huenda usiwe wao.

Unasema walisahau baada ya likizo. Hilo linajulikana. Uchambuzi wa Daniel Fernandes, John Lynch na Richard Netemeyer, uliotoka mwaka 2014, ulionyesha kwamba athari ya elimu ya fedha kwenye matendo ya watu ni ndogo sana na inafifia kadiri muda unavyopita. Uchambuzi mwingine wa Tim Kaiser na wenzake, mwaka 2022, uliokusanya majaribio 76, ukakuta elimu hiyo inainua maarifa na matendo. Sisi tunazisoma hivi: somo linashika likiwa karibu na uamuzi. Wanafunzi wako bado hawana mshahara, kwa hiyo kipindi cha sita uusogeze uamuzi uwafikie. Kila mmoja aandike ukurasa mmoja wa mpango wa malipo yake ya kwanza, kwa sentensi za "nikipata... nita...": nikilipwa mara ya kwanza, nitahamisha asilimia fulani siku hiyohiyo kwenda mahali fulani, nikiongezewa kipato, nusu ya nyongeza itaenda kwenye akiba, nikibadilisha kazi, nitahamisha michango yangu badala ya kuitoa. Sentensi ya pili ina ushahidi nyuma yake: Richard Thaler na Shlomo Benartzi, mwaka 2004, waliandika kuhusu wafanyakazi waliokubali mapema kwamba nyongeza za mshahara zitapandisha michango yao, na katika miezi 40 wastani wao ulitoka asilimia 3.5 hadi 13.6. Karatasi wabaki nayo wenyewe. Usiikusanye wala kuipa alama.

Upimaji ufanye kwa maswali matatu ya Annamaria Lusardi na Olivia Mitchell, yaliyoanza kutumika mwaka 2004. Una 100 kwenye akaunti kwa riba ya asilimia 2. Baada ya miaka mitano utakuwa na zaidi ya 102, 102 kamili, au pungufu? (Zaidi: ni 110.41.) Riba ni asilimia 1 na mfumuko ni 2, baada ya mwaka utanunua zaidi, sawa, au pungufu? (Pungufu.) Hisa za kampuni moja ni salama kuliko mfuko wa hisa za kampuni nyingi, kweli au si kweli? (Si kweli.) Uliza kabla ya kipindi cha kwanza, baada ya cha sita, na tena muhula unaofuata bila kuwaonya. Weka chaguo la "sijui", maana linatenganisha asiyejua na aliyebahatisha.

Kuhusu kukusanya fedha za wanafunzi, tunakushauri ukatae, na ukatae kwa maandishi ya heshima. Fedha taslimu ya watu 48 mikononi mwa mtu mmoja, bila leseni, bila bima, bila mkaguzi, siku ikipungua utadaiwa wewe. Isitoshe, katika darasa lolote wapo ambao nyumbani hakuna cha kuweka, na daftari la wiki kwa wiki litawaanika mbele ya wenzao. Shule ikitaka vitendo, taasisi yenye leseni ifungue akaunti za watoto kwa ridhaa ya wazazi, iwe hiari, na mwalimu asishike hata senti.

Wakala wa bima naye ana maslahi yake, na wanafunzi wako hawajui bado kutofautisha somo na mauzo. Bora asije. Kama uongozi umeshakubali, mpokee baada ya kipindi cha ada na utapeli, si kabla, na kwa masharti ya maandishi: hakuna fomu, hakuna kuchukua namba za simu, na wewe ubaki darasani muda wote. Dakika 20 za mwisho ziwe za wanafunzi. Maswali wayaandae siku moja kabla: ada zote kwa mwaka ni kiasi gani, nikiacha kulipa mwaka wa tatu narudishiwa nini, nani anabeba hasara, nani anawasimamia nyinyi kisheria, na wewe unalipwa kamisheni kiasi gani nikijiunga leo. Majibu wayaandike ubaoni yeye akiwapo.